Mavi ya Chuma

Tulikuwa tumefika kiunoni,
mimi na Wamara, mtoto wa marehemu Kaahwa,
tukichimba msingi wa sakristia mpya,
sururu ilipogonga kitu kisicho jiwe.
Jiwe hulia kavu. Hiki kilinung'unika.

Kilitoka cheusi, kimejaa matundu
kama mkate ulioungua ukasahauliwa,
kizito kuliko umbo lake.
Nyuma yake kingine. Kisha tabaka zima,
na shingo ya udongo ya mvukuto, imepasuka,
ndani yake bado alama ya kidole cha mtu.

"Kifusi," akasema mama Kabahuma wa kamati,
mkononi daftari lake la saruji na mchanga.
"Pakieni, kikazibe mashimo ya njia ya Kigorobya."
Wamara akaanza kupakia.

Mimi nikakaa chini.

Kitu hiki kina jina lisilosemwa mbele ya padri:
mavi ya chuma.
Chuma hula makaa, hula udongo mwekundu wa kilimani,
hula usingizi wa wanaume watano usiku kucha,
kisha, kama kiumbe chochote kilichoshiba,
huenda haja.
Babu alilitamka akicheka.
Irumba, aliyebatizwa Eligio akiwa na mvi.

Hapa ndipo lilipokuwa tanuri lake,
hatua kumi na nne kutoka altareni
kabla altare haijawa altare.
Alilifinyanga matiti mawili na kitovu,
maana chuma huzaliwa,
na siku za kuzaa hakuna aliyelala na mkewe
wala aliyemwita mwenzake kwa hasira.

Padri wa kwanza alikuja akisukuma baiskeli, mnyororo umekatika.
Akaliona tanuri, akageuza macho.
Akauliza bei ya bawaba.

Basi wakaishi ukuta kwa ukuta,
huku zaburi, huku viriba vya ngozi ya mbuzi,
na wazee huapa kuna alfajiri
pumzi zote mbili zilikwenda kwa kipimo kimoja.
Bawaba sita. Misumari mia mbili na kitu.
Majembe ya shamba la mihogo la masista.
Na kengele.

Ilitokana na mahari ya shangazi Nyamaizi.
Ndoa ilipovunjika Irumba alirudisha majembe mawili;
wakwe wakayakataa, wakataka mbuzi.
Hakutaka kuyaona tena nyumbani.
Akayapasha, akayakunja, akayafunga kwa ribiti,
akayavika shaba iliyoyeyuka ya bangili.
Sauti haikuwa tamu: mbuzi mwenye kikohozi.
Lakini Nyamaizi, hadi alipokufa,
kila ilipolia alinyoosha mgongo shambani
akasema, "Walinikataa wawili. Sikiliza sasa, wanaita kijiji."

Mahubiri hayakulizima tanuri lile.
Nasema wazi kwa kuwa wengine husema vingine.
Katekista alililaani mara moja;
wiki iliyofuata lilikuwa linawaka,
na yeye mwenyewe alileta panga linolewe.
Lililolizima ni duka la Masindi,
jembe jepesi lenye chapa ya ndege
kwa bei ya kuku wawili.
Irumba alinunua moja. Akaligonga kwa ukucha,
akatega sikio,
hakusema neno, akaenda kulima.

Kengele iko kabatini sasa, kati ya mishumaa na panya.
Kipaza sauti huita mpaka ng'ambo ya bonde.

Nilichukua kipande kimoja tu.
Mama Kabahuma alikiona chini ya koti langu,
akafumba daftari.
"Apuuli," akasema, "mimi nahesabu malori."

Jumapili upepo wa Mwitanzige hupanda genge
ukaubamiza mlango katikati ya mageuzo.
Jumapili iliyopita haukuubamiza.
Bawaba zililia kidogo, zikatulia.
Padri kijana alipotoka kutuaga
alikiruka pale kizingitini bila kutazama,
kama mtu arukavyo mguu wa mzee
aliyesinzia mlangoni pake.